Una Uzamili, Unataka Sera ya Afya ya Uzazi? Anzia Halmashauri

Wadogo zangu wanaomaliza uzamili wa afya ya jamii huniuliza swali lilelile: dada, nifanyeje niingie kwenye sera ya afya ya uzazi? Jibu langu huwa haliwafurahishi. Nenda halmashauri.

Najua unaitamani wizara kule Mtumba, Dodoma, au shirika lenye kiyoyozi Masaki, Dar es Salaam. Lakini mpango wa taifa huandikwa wizarani, ilhali zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, zinazosimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hapo katikati ndipo sera nyingi hupotelea. Kila mwaka halmashauri huandaa Mpango Kabambe wa Afya, na shughuli isiyo na fungu ndani yake haifanyiki, hata iwe imeandikwa vizuri namna gani Dodoma.

Nimekaa kwenye vikao hivyo. Mratibu wa afya ya uzazi na mtoto anakuja na maombi yake: mafunzo ya kuweka vipandikizi, yaani vijiti vya uzazi wa mpango, na huduma za mkoba, yaani wahudumu kuvifuata vijiji vya mbali. Ukomo wa bajeti ukishuka, mkoba ndio unaokatwa mapema, kwa kuwa hakuna atakayelalamika. Mama aliyekosa kijiti hajui kama alikuwa amepangiwa. Mratibu anayeokoa fungu lake ni yule aliyekuja na takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kituo kwa kituo. Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, Tanzania tuliiridhia mwaka 2007, na ina uzito wake mahakamani, ila sijaona mweka hazina aliyelainika kwa kusomewa.

Halafu jifunze kuandika kurasa mbili, kwa Kiswahili. Tasnifu yako iache kabatini. Chukua utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022: vifo vitokanavyo na uzazi vilikuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Lakini wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango walibaki palepale, kama asilimia 31. Ukiweza kumweleza mbunge namba hizo mbili bila kumchosha, kazi utaipata. Na umfikie mapema: Bunge la bajeti huanza Aprili, wakati mambo mengi yameshapangwa.

Jambo jingine ambalo darasani hulipati ni kujua mlango wa kugonga. Wasichana waliojifungua walirudishiwa nafasi ya shule mwaka 2021 kwa uamuzi wa serikali na waraka. Umri wa chini wa msichana kuolewa, ulioko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, ulipingwa mahakamani na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana. Akashinda Mahakama Kuu 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye 2019, na hata hapo mvutano wa kuirekebisha sheria haukuisha. Kabla hujaandaa kampeni, uliza kwanza: hili ni la waraka, kanuni, au sheria?

Kuhusu mashirika, sisemi usiende. Ila 2025, Marekani ilipofunga bomba la misaada, watu wenye wasifu mzito walirudi nyumbani ndani ya wiki chache. Usiegemee mfadhili mmoja.

Ajira ya serikali ikichelewa, mwandikie mganga mkuu wa halmashauri barua ya kujitolea, mwishoni mwa mwaka, wanapoanza kuandaa mpango. Nenda na kompyuta yako. Msimu huo mtu anayeijua Excel hafukuzwi.