Kabla Hujazima TRC ya Mark X Yako

Masika yakikaribia, wenye Toyota Mark X na Crown huniuliza swali lilelile: nikizima TRC, yaani mfumo unaozuia tairi kuzunguka bure, si ndiyo nitalifaidi gari langu vizuri? Kwa barabara ya umma jibu langu ni hapana. Hata iwe saa nane usiku, hata barabara iwe tupu, hata dereva awe fundi wa usukani kiasi gani. Kwenye uwanja uliofungwa jibu ni jingine kabisa. Huko, kwa mtu mwenye gari zima na subira, kuzima mfumo huo ni shule nzuri mno ya udereva. Nimeendesha magari haya miaka mingi, na nimekaa sana kiti cha abiria nikiwafundisha wengine. Nayapenda kwa dhati, ndiyo maana inaniuma kuona Mark X nzuri imelala mtaroni kwa sababu ambayo mwenyewe angeweza kuielewa mapema.

Wengi tunaingia kwenye Mark X tukitokea kwenye IST au Vitz. Hayo ni magari yanayovutwa na tairi za mbele. Ukizidisha mafuta kwenye kona, pua inakwenda nje, unashtuka, unaachia, pua inarudi ndani. Kosa linajisahihisha karibu lenyewe. Mark X ya kizazi cha GRX130, iliyotengenezwa kuanzia 2009 hadi 2019, ina tabia nyingine. Ya lita 2.5 ina nguvu farasi 203, ya lita 3.5 ina 318, na ukiacha zile za "Four" zinazovuta kwa tairi zote nne, nguvu yote inakwenda nyuma. Hapo ukizidisha mafuta kwenye kona yenye maji, kinachotoka nje ni mkia. Na ukishtuka ukaachia ghafla kama ulivyozoea kwenye IST, uzito wa gari unarukia mbele, tairi za nyuma zinabaki nyepesi, na mkia unazidi kutoka.

Sasa tukitazame kitufe chenyewe cha kuzimia TRC, maana wengi wanakibonyeza bila kujua wamezima nini. Kwenye Toyota nyingi za kizazi hiki, ukibonyeza mara moja unazima TRC tu, ile inayopunguza nguvu ya injini na kushika breki tairi inapozunguka bure. VSC, inayolilinda gari lisitupe mkia, inaendelea na kazi. Na TRC uliyoizima peke yake hujirudisha yenyewe mwendo ukiongezeka. Lakini ukikibana kitufe kwa zaidi ya sekunde 3 gari likiwa limesimama, unazima vyote viwili, na havirudi vyenyewe kwa sababu ya mwendo. Unarudisha wewe kwa kubonyeza tena, au kwa kuzima injini na kuiwasha upya. ABS, inayozuia tairi zisigande ukifunga breki, inabaki katika hali zote hizo. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi huwa natembea nimezima na sioni tofauti", mara nyingi amezima nusu tu, na ile nusu nyingine imekuwa ikimwokoa kimyakimya.

VSC inafanya jambo ambalo binadamu hawezi. Inasoma mwendo wa kila tairi, inasoma umekata usukani kiasi gani, na inasoma gari lenyewe linageuka kwa kasi gani. Kisha inalinganisha: dereva anataka kwenda kule, gari linakwenda wapi? Mkia ukianza kutoka, inashika breki ya tairi moja tu, kwa kawaida ile ya mbele ya upande wa nje wa kona. Pua ikigoma kuingia, inashika ya nyuma ya upande wa ndani. Mguu wako una pedeli moja kwa tairi zote nne, basi hata ukiwa na miguu ya dhahabu huwezi kuifanya kazi hiyo. Mercedes-Benz waliianza mwaka 1995 kwenye S-Class, na baada ya A-Class yao kupinduka Sweden mwaka 1997 katika jaribio la kukwepa kizuizi cha ghafla, wakaiweka kwenye gari hilo dogo pia. Leo Ulaya na Marekani gari jipya haliruhusiwi kuuzwa bila mfumo wa aina hiyo. IIHS, taasisi ya Marekani inayochunguza ajali za barabarani, inasema mfumo huu unapunguza kwa karibu nusu hatari ya ajali za vifo zinazohusisha gari moja peke yake.

Kuna wanaonijibu kwamba madereva wa Formula 1 hawana msaada wa aina ya TRC tangu ulipopigwa marufuku mwaka 2008. Ni kweli, na nawaheshimu sana kwa hilo. Lakini wao wanakimbia kwenye njia zenye maeneo ya wazi na vizuizi vya kupokea gari lililoponyoka, hakuna bodaboda inayotokea upande wa pili, na bado mvua ikinyesha tunawaona wakizunguka. Barabara ya Bagamoyo haina ukarimu huo. Mlima Kitonga ndiyo usiseme: kona kali, malori yanayopanda kwa shida, na dizeli iliyodondoka juu ya lami. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ikiigusa lami yenye mafuta na vumbi la miezi kadhaa, mshiko unapotea kuliko hata katikati ya masika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: endesha kwanza mfumo ukiwa umewashwa, na uifanye ile taa ya gari linaloteleza kwenye dashibodi kuwa mwalimu wako. Kila inapomweka, inakwambia umeomba mshiko kuliko ambao tairi zilikuwa nao pale. Jiulize mara moja: niliingia kona kwa mwendo mkubwa, au nilikanyaga mafuta kabla usukani haujanyooka? Mazoea ya wengi ni kufurahi taa inapomweka, wakiona ni dalili kwamba gari lina nguvu. Mimi humhesabu dereva ameanza kuiva pale anapoweza kwenda safari nzima kwenye mvua, kwa mwendo wa kawaida wa barabara, bila taa hiyo kumweka kwa sababu ya mguu wake. Ambaye hajafika hapo sioni sababu ya yeye kuzima chochote.

Lipo jambo linalonitia hofu kuliko kitufe. Magari mengi hapa kwetu yanatembea yakiwa yamezimwa mifumo hii tayari, na mwenye gari hana habari. Gari limekuja la mtumba, beringi ya tairi imebadilishwa kwa ya bei rahisi ambayo sensa yake haisomi, taa za ABS na VSC zikawaka, na fundi akamaliza tatizo kwa kuiua taa yenyewe kwenye dashibodi. Nimekaa kwenye gari la aina hiyo. Dashibodi ilikuwa safi kabisa, mwenye gari alikuwa na amani, na kumbe hapakuwa na ABS wala VSC.

Kulikagua si kazi. Fungua swichi bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Taa za ABS, airbag na ile ya gari linaloteleza zinatakiwa ziwake zote, kisha zizime zenyewe baada ya muda mfupi. Isiyowaka kabisa ndiyo ya kuiogopa, kuliko hata iliyogoma kuzima. Ukiona hivyo, nenda kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na umwambie hutaki taa izimwe, unataka ugonjwa utibiwe. Vilevile kama umepiga alaimenti au umegusa usukani na VSC ikaanza kulalamika au kuingilia kwenye kona ya kawaida, huenda sensa ya usukani inahitaji kuwekwa upya sifuri yake. Ni kazi ndogo kwa mwenye mashine, lakini mafundi wengi hawaisemi kwa sababu hakuna anayewauliza.

Halafu tairi. Hapa ndipo pesa yako inapaswa kwenda kabla ya bomba la moshi, kabla ya rimu, kabla ya chochote kinachong'aa. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, zipo tarakimu nne. 3517 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2017. Tairi za mtumba zinaweza kuwa na meno mazuri huku mpira umeshakauka ukawa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami yenye maji. Zile mbili za nyuma ziwe za aina moja na zimechakaa sawa. Upepo pimia tairi zikiwa za baridi, ukifuata kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva. Sikubali kumfundisha mtu kuzima VSC akiwa na tairi mchanganyiko nyuma, kwa sababu gari la namna hiyo hujibu tofauti ukikata kushoto na ukikata kulia, na mwanafunzi anabeba mafunzo ya uongo.

Ukiwa umetimiza hayo, tafuta uwanja. Uwe mpana, wa kukodi au wa ruhusa ya mwenyewe, usio na nguzo, ukuta, mtaro wala ukingo wa saruji. Watazamaji wakae mbali, upande ambao gari haliwezi kufika hata likiponyoka. Uwanja wenye maji ni bora kuliko mkavu, kwa sababu unakufundisha yaleyale kwa mwendo mdogo na tairi haziungui. Toa kila kitu ndani ya gari, pamoja na chupa ya maji na zulia la miguuni kwa dereva. Sogeza kiti mpaka viwiko vikunjike kidogo ukishika usukani, na mgongo ukae kwenye kiti. Funga mkanda. Vaa helmeti.

Anza na duara. Panga ndoo za plastiki chache zikupe umbo, shika gia ya pili, uzunguke kwa mwendo mmoja mfumo ukiwa umewashwa mpaka mikono itulie. Kisha zima TRC na VSC, urudie kwa mwendo uleule. Ongeza mafuta kidogo kidogo sana. Utaanza kusikia usukani unakuwa mwepesi na gari linapanua duara. Hiyo ni pua inakuomba upunguze. Achia taratibu, irudi. Rudia mpaka uijue hali hiyo kwa kiuno, maana kiuno hupata habari mapema kuliko macho. Kumbuka pia kwamba mzigo kwenye tairi hauongezeki sambamba na mwendo. Kona uliyoipita kwa kilomita 40 kwa saa, ukiipita kwa 60 inadai mshiko mara mbili na robo. Ndiyo maana mtu husema "niliongeza kidogo tu".

Baadaye, katikati ya duara hilohilo, kanyaga mafuta kwa haraka zaidi kidogo mpaka mkia uanze kutoka. Usiguse breki. Tazama unakotaka kwenda, kwa macho na kichwa, na mikono itafuata: usukani unaelekea upande uleule mkia unaokwenda. Mafuta yapunguze kwa upole, usiyakate.

Wanaoanza wengi wanaweza kuukamata mkia wa kwanza. Kinachowaangusha ni wa pili. Mkia ukishashika tena, chemchemi za gari zilizokuwa zimelalia upande mmoja zinaachia kwa nguvu, na kama usukani wako bado umekatwa kule, gari linarushwa upande wa pili kwa kasi kuliko mara ya kwanza. Kwenye barabara, huko upande wa pili ndiko magari yanakotoka. Basi unapohisi mkia umeacha kutoka, usisubiri urudi. Anza kunyoosha usukani palepale, upesi kuliko akili inavyotaka. Hili halifundishiki kwa maneno peke yake, na ndilo ninalotumia muda mrefu zaidi kulirudia na wanafunzi. Ukiona linakushinda, kanyaga breki mpaka mwisho na uiache ABS ifanye kazi. Uwanja ni mpana, gari litasimama.

Zungusha kidogo, pumzika, uliache gari lipoe. Giaboksi ya otomatiki hupata joto kali katika mazoezi haya. Na kwa kuwa Mark X nyingi zina difu ya kawaida, isiyofunga tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja, mara nyingi tairi moja ya ndani itazunguka bure na gari halitateleza kwa uzuri mnaouona kwenye video. Usijaribu kuishinda hali hiyo kwa kuongeza mafuta. Hukuja kutafuta moshi.

Kwa wenye Subaru za turbo: gari lenu linavuta kwa tairi zote nne, hivyo linasamehe wakati wa kuondoka, lakini kwenye kufunga breki na kwenye kuingia kona halina uchawi wowote. Impreza nyingi za zamani hazikuja na mfumo wa aina ya VSC kabisa, basi somo la tairi na la duara linawahusu kuliko wenye Mark X.

Nilisema hapana kwa barabara ya umma, lakini naruhusu kuzima TRC mahali pamoja: ukinasa kwenye mchanga au tope. Hapo mfumo unaweza kukunyima nguvu kila tairi inapozunguka, gari likakosa mwendo wa kujitoa. Bonyeza mara moja, shika gia ndogo, toka kwa upole usukani ukiwa umenyooka, kisha uwashe tena kabla hujaikanyaga lami. Kama tairi moja inachimba tu na nyingine imesimama, irudishe TRC ujaribu nayo, kwa sababu breki yake kwenye tairi inayozunguka inaweza kupeleka nguvu kwa mwenzake.

Mazoezi yakiisha, zima injini kabisa na uiwashe upya, uhakikishe dashibodi haioneshi taa ya OFF. Kagua mabega ya tairi kwa mikwaruzo na mawe yaliyonasa, kaza nati zikiwa zimepoa, pima upepo tena. Na urudi nyumbani polepole, kwa sababu mguu uliotoka kuzungusha gari huchukua muda kuusahau uwanja.