Baba ametoweka, mmebaki wenyewe: jibu kwa kijana wa Sengerema

Mdogo wangu, nimesoma uzi wako wote. Kwa waliochelewa: mama yao alishatangulia, baba alienda machimboni Geita, simu haipatikani tangu kiangazi kianze, na huyu wa kidato cha tatu kabaki na wadogo watatu. Anauliza waishije, na kama akubali wagawanywe kwa ndugu, yaani mjomba na shangazi wa mjini.

Pole sana. Mimi nililelewa na kaka yangu huku Igombe, Mwanza, baada ya baba kupanda mtumbwi wa visiwani asirudi, kwa hiyo nasema kilichotubana. Njaa ilikuwepo, ila kilichotubana zaidi ni kwamba baba hakufa. Angekufa, ukoo ungekuja, na siku ya kuanua matanga wazee wangeulizana watoto wanabaki na nani. Mtu akitoweka haji mtu. Kila mmoja anasema tusubiri, na mkiwa mnasubiri nyavu zinaazimwa, shamba analima jirani "kwa muda".

Kaka aliripoti polisi akapewa RB, yaani namba ya taarifa yake, akapita kwa mtendaji wa kijiji, kisha akaenda kwa baba mkubwa kudai kikao. Wazee walichukia, wakasema anamchuria baba yake. Akashikilia kwamba ni kikao cha watoto, si cha mirathi. Mali zikaorodheshwa mpaka jembe, waliokuwepo wakasaini. Baadaye ndugu mmoja alipoanza kutembeza kiwanja kwa wateja, karatasi ile ndiyo iliyomnyamazisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamchukulia mtu asiyesikika kwa miaka mitano kuwa amefariki, mpaka ithibitike vingine. Baba yako hajafika huko. Anayekuletea habari za mirathi leo, muulize kifo kimethibitishwaje.

Kuhusu kula: kama mpo karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kazi ya kuanika dagaa ipo, na mara nyingi unalipwa dagaa wenyewe. Sisi tulianika mchangani, mdogo wetu akiwa na kazi moja tu, kuangalia wingu upande wa ziwa. Akipiga kelele, wote tunakimbia na mafagio na maturubai, maana dagaa wakilowa wanabadilika rangi, na mnunuzi anawachukua kwa bei ya chakula cha kuku. Waliokaushwa kwenye chanja, yaani kichanja kilichoinuliwa juu ya ardhi, hawana mchanga, wana bei nzuri. Ukipata tajiri mwenye chanja, ganda hapo. Lakini jihadhari na mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inalala, na mwalo mzima unakuwa mkavu. Wageni wa kazi hii hula hela yote siku za giza, mwezi ukija wanashangaa. Sisi siku hizo za mbalamwezi tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwa karanga, asubuhi na jioni, mpaka leo mume wangu akiileta nyumbani nampisha ale peke yake. Viazi vikiwa bei ya chini, nunueni, kateni, anikeni juu ya mwamba, wekeni gunia. Uzuri wa kiangazi ni huo tu.

Shule usiache. Tangu 2016 ada hakuna mpaka kidato cha nne. Kinachobaki ni sare, madaftari na michango, na mwalimu mkuu akijua hali yenu mapema huwa mnaelewana. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na wewe mwenyewe umo, usijifanye mzee. Majina ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji, kwa hiyo mwambie mwenyekiti wenu kabla mkutano haujaitishwa. Mtu akiwatisha au akiwapiga, piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure.

Kugawanywa mimi sikatai moja kwa moja. Sisi tulibaki pamoja kwa sababu kaka alikuwa mtu mzima na nyumba ilikuwa yetu. Nyie mkubwa ni mwanafunzi. Wavulana wawili wakienda kwa mjomba aliye jirani na shule, siyo vibaya. Ninachokitilia shaka ni huyo shangazi wa mjini anayemtaka mdogo wako wa kike peke yake, tena haraka. Ana watoto wadogo? Alikuwa na dada wa kazi akaondoka? Amesema huyo binti atasoma shule gani? Usimruhusu aondoke kabla ya kikao na kabla mtendaji hajaandika jina la anayemchukua. Njoo utujibu hayo, kisha tuendelee.