Droni yako inaandika nini?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza juu ya kumbukumbu za safari, yaani yale ambayo droni inayaandika kwenye kadi yake ikiwa angani. Wengi wenu mnarusha kwa PX4, ile programu huria inayoendesha droni, kwa hiyo majibu ni ya PX4 mpaka niseme vingine.

Shikamoo fundi. Dira ilikuwa inalalamika nikiwa bado sijapaa. Nimefungua faili la safari, lile kosa halimo kabisa. Limeenda wapi?

Marahaba, mdogo wangu. Halikuandikwa. Mpangilio uitwao SDLOG_MODE ukiwa 0, na ndivyo unavyokuja, kuandika huanza unapoziruhusu mota kuzunguka na hukoma unapozifunga. Ya kabla ya hapo hayana karani. Weka 1, itaandika tangu inapopata umeme hadi mota zifungwe. Ukiweka 2 itaandika mpaka uchomoe betri. Kisha zima uwashe, bila hivyo badiliko halishiki.

Ninapotafuta ugonjwa natumia 1, nikimaliza narudisha 0. Hiyo 2 ilishanitia hasara. Niliisahau, droni ikashinda mezani siku tatu ikiandika ukimya wa karakana. Nafasi kwenye kadi ilipopungua, PX4 ikafuta folda za zamani ili ipate pa kuandikia, kama ilivyoundwa kufanya. Safari niliyokuwa naitafuta ilikuwa humo.

Kuna jamaa kaniambia kwenye SDLOG_PROFILE, pale pa kuchagua cha kuandikwa, niweke alama zote ili nisikose kitu. Kuna ubaya?

Upo. Kila alama ina thamani yake, na unazijumlisha: 1 ni seti ya kawaida, 2 ni ya kurudia ukiwa mezani hesabu za EKF2, zile zinazokadiria droni iko wapi na imekaaje, 16 ni kuandika kwa kasi kubwa, 64 ni kulinganisha sensa, 256 ni data ghafi za jairo, sensa inayopima kuzunguka. Ukiwinda mtikisiko, seti ya kawaida pamoja na jairo ghafi ni 257, basi.

Ukizijaza zote kadi inazidiwa. Kadi haiandiki kwa mwendo mmoja: kuna nyakati inakwama kwa sehemu ya sekunde, na data zinasubiri kwenye memori ndogo ya bodi. Memori hiyo ikijaa, zinazofuata zinatupwa. Ukipandisha faili kwenye Flight Review, tovuti ya PX4 ya kusomea kumbukumbu, utaona mapengo yamewekewa alama kwenye grafu. Mteja mmoja aliniletea faili lenye mapengo mawili ndani ya sekunde kumi za mwisho kabla droni haijadondoka. Hapo hata mganga haoni kitu. Punguza alama, na nunua kadi ya U3 (alama ya kasi ya kuandika) ya kweli. Zile za bei ya chee ambazo jina la kampuni limekosewa herufi moja, weka nyimbo.

Mimi nahitaji betri na mahali ilipo tu. Naweza kuyaacha mengine?

Unaweza. Kwenye kadi tengeneza folda iitwayo etc, ndani yake folda logging, na humo faili logger_topics.txt. Kila mstari ni jina la taarifa, na ukipenda muda kwa milisekunde:

battery_status 1000
sensor_gps 200
vehicle_attitude 50

Yaani betri isizidi mara moja kwa sekunde, GPS mara 5, mkao wa droni mara 20. Usipoweka namba, kila kinachokuja kinaandikwa.

Hapa soma mara mbili: faili hili haliongezei orodha ya kawaida, linachukua nafasi yake. Usichokitaja hakimo. Ukianguka na mistari hiyo mitatu utajua volti za betri na ulikuwa wapi, lakini mota ziliamriwa nini hutajua. Kwa droni za wateja sikosi kuweka vehicle_status (hali ya droni) na, kwenye matoleo mapya, actuator_motors (amri za mota).

Sisi wa ArduPilot, ile programu nyingine ya kuendesha droni, je?

LOG_BITMASK ndiyo inayochagua cha kuandika, na LOG_DISARMED ikiwa 1 inaandika hata mota zikiwa zimefungwa. Mtikisiko utazame kwenye VIBE, ujumbe wa mtikisiko ndani ya kumbukumbu: chini ya 30 kwa kawaida ni salama, juu ya 60 karibu kila mara kuna tabu. Zile Clip, yaani hesabu ya mara sensa ya mwendo ilipofika kikomo chake, nazo zibaki 0.

Saa kwenye majina ya faili iko nyuma saa tatu. GPS mbovu?

GPS nzima, ila inatoa saa ya UTC, saa ya pamoja ya dunia. Weka SDLOG_UTC_OFFSET, kwa dakika: 180 Dar, Nairobi na Kampala, 120 Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, 240 Muscat. Saa za Kiswahili bado hawajatuwekea.

Nina DJI ndogo. Nachagua wapi cha kuandikwa?

Huchagui. Kumbukumbu za safari zinakaa kwenye simu, ndani ya programu ya DJI Fly, kama faili za txt, na menyu ya kuchagua haipo. Lakini kabla hujamtumia mtu faili lolote, la DJI au la PX4, kumbuka mahali ulipopaishia pameandikwa humo, na kwa wengi wetu hapo ni uani kwetu.