Umeme wa jua unaobaki mchana: niurudishe kwenye waya wa shirika la umeme?

SWALI: Papa Injinia, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa Katuba, hapa Lubumbashi. Nina friza mbili za kuuzia maji baridi na juisi, pamoja na cherehani mbili za umeme ambazo binti zangu wanashonea. Mwaka jana tuliweka paneli sita za wati 450, inveta, na betri mbili za asidi za volti 12, kila moja Ah 200. Mchana betri zinajaa mapema na umeme unabaki bure. Mdogo wangu anayeishi Marekani anasema kule mita inarudi nyuma na deni linapungua. Fundi mmoja yuko tayari kuniunganishia hivyo kwa siku moja tu. Lakini jirani yangu amekasirika. Anasema sisi wenye sola tunakimbia kulipa, na mwishowe bei itawaangukia wao. Nifanye nini, na kati yao nani ana haki?

JIBU: Mama, salamu zimefika. Nianze na huyo fundi, maana habari yake haiwezi kungoja: usimruhusu kugusa waya unaotoka kwenye nguzo.

Transfoma haijui mbele wala nyuma. Ukiipa volti maelfu upande wa nguzo kubwa, inakutolea volti 230 upande wa nyumba. Ukiipa volti 230 upande wa nyumba, inatoa volti maelfu upande wa pili. Sasa fikiria umeme umekatwa, kijana wa shirika amepanda nguzo avenyu ya tatu kutoka kwako kukaza waya, naye anaamini waya umekufa. Mara nyingi inveta ndogo itazidiwa na mzigo wa majirani na kuzima au kuungua kabla haijafika mbali. Ila kama kipande hicho cha waya kimetengwa kwa ajili ya matengenezo, hakuna majirani wa kuizidi, na paneli zako sita zinatosha kumwua mtoto wa mtu. Na umeme wa shirika ukirudi ghafla wakati inveta yako imo kwenye waya huohuo, mawimbi mawili yasiyolingana yanagongana. Nimefungua inveta ya namna hiyo mezani kwangu: ndani palikuwa masizi matupu.

Zipo inveta zilizotengenezwa kwa ajili ya kusukuma umeme kwenye waya wa shirika. Hizo zinausikiliza waya kwanza, zinafuata wimbi lake, na waya ukifa zinajizima zenyewe ndani ya sekunde 2. Hapo ndipo wengi hushangaa: ukinunua ile ya kawaida ya aina hiyo, isiyo na betri, siku ya delestaji, yaani mgao wa umeme, nyumba yako inabaki giza hata jua likiwa utosini. Inveta haina wimbi la kufuata, basi inalala. Kwa mji wetu, ambako umeme hukatika mchana na usiku, chombo cha namna hiyo peke yake hakikufai. Na saa ambazo waya umekatwa hakuna wa kupokea umeme wako hata ukitaka kuutoa.

Jambo la pili ni mita. Mdogo wako amesema kweli kuhusu kule aliko, lakini mita nyingi za kulipia kabla hazikutengenezwa kurudi nyuma. Nyingi huhesabu umeme unaopita bila kuangalia unaelekea wapi. Kwa hiyo ukitoa uniti 3, mita inakukata uniti 3 kana kwamba umezitumia: unatoa umeme wako na unaulipia. Nyingine huona umeme unakwenda kinyume, zikadhani mtu amechezea waya, zikajifunga. Ili uuze kwa haki unahitaji mita yenye hesabu mbili, moja ya kuingia na moja ya kutoka, na mkataba ulioandikwa. Sheria yetu ya umeme, namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, ilifungua sekta hii na inamtambua anayejizalishia umeme kwa mahitaji yake. Kujizalishia ni jambo moja. Kuuza, au kusukuma kwenye waya wa mwingine, ni jambo jingine, na hilo haliamuliwi na fundi juu ya ngazi.

Sasa nije kwa jirani yako, maana ugomvi wenu ni mkubwa kuliko avenyu yenu. Huko Marekani wamegombana juu yake kwa miaka mingi, na sababu ni ileile uliyoisikia ukutani kwako.

Unapolipa uniti moja, unalipa vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kimoja ni umeme wenyewe. Kingine ni waya: nguzo, kebo, transfoma, mita, mishahara ya wanaopanda nguzo. Mita inaporudi nyuma uniti moja, inakufutia vyote viwili. Lakini wewe ulitoa umeme tu, hukutoa waya. Tena waya uliutumia mara mbili, mchana kutoa na usiku kuchukua. Gharama ya waya haipungui kwa sababu juu ya bati lako kuna paneli. Kama wenye sola wakiwa wengi, inabaki mikononi mwa wasio nazo, ambao mara nyingi ndio wenye kipato kidogo au wapangaji wasio na bati lao wenyewe. Hiyo ndiyo hoja ya mashirika ya kule, nami sioni aibu kusema ina ukweli ndani yake.

Upande wa pili nao una ukweli. Umeme unaozalishwa Katuba na kutumika Katuba haupiti njia ndefu, haupotei njiani, wala hauipashi moto transfoma ya mbali. Saa za jua kali, kila paneli inapunguza mzigo. Swali ni thamani ya uniti hiyo, na thamani hubadilika kwa saa. Kule California paneli zilipokuwa nyingi, mahitaji ya umeme wa shirika yalianza kushuka sana mchana na kupanda kwa kasi jua linapozama. Mwaka 2013 wasimamizi wa gridi ya jimbo hilo walichora mchoro wake, na kwa kuwa una tumbo na shingo, ukaitwa wa bata. Uniti ya saa sita mchana ikawa ya bei ndogo, ya jioni ikawa ghali. Kwa hiyo tangu Aprili 2023 wateja wapya wa sola huko hawarudishiwi tena bei kamili ya rejareja. Wanalipwa kwa kadiri uniti yao inavyofaa saa hiyo, na mara nyingi ni kidogo sana. Matokeo yake yalikuwa wazi: waliofuata wengi walinunua na betri, wauweke umeme wao hadi jioni.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Nevada, jimbo jingine la Marekani. Desemba 2015 mamlaka ya huko ilipandisha ada ya kudumu na kupunguza malipo ya umeme unaotolewa, tena hata kwa watu waliokwisha kuweka paneli kwa kutegemea kanuni ya zamani. Mtu amekopa, amepiga hesabu ya miaka 20, halafu hesabu inageuzwa akiwa katikati ya njia. Kampuni kubwa za kufunga sola ziliacha kuuza katika jimbo hilo, na mwaka 2017 ilibidi itungwe sheria nyingine kurudisha sehemu kubwa ya haki hiyo. Kanuni inaweza kubadilika, naam, lakini ibadilike kwa wanaokuja. Aliyekwisha kujenga juu yake asiporwe.

Je, ugomvi huo ni wetu? Nusu tu. Kule shida ilikuwa umeme kuwa mwingi mchana. Huku kwetu shida ni kwamba hautoshi. Mikoa yetu ya Haut-Katanga na Lualaba inategemea umeme wa maji: mabwawa ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, pamoja na ile laini ya umeme ya kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, takriban kilomita 1,700, na migodi inachukua sehemu kubwa sana. Kinachobaki kinagawanywa kwenye transfoma za mitaa ambazo nyumba zimezizidi. Kwa hali hiyo, friza zako zikiendeshwa na jua mchana, jirani yako hakosi kitu. Anapata volti nzuri kidogo. Hapo wewe una haki.

Lakini jua likizama, wewe unarudi kwenye waya, na friza mbili, saa ileile ambayo kila nyumba imewasha taa na kila mama anapika. Transfoma huchoshwa na saa hiyo ya jioni, na waya hujengwa kwa kuikadiria hiyo. Mtu asiyelipa chochote mchana kisha akaja na mzigo uleule jioni, huyo kweli anabebwa na wenzake. Tena hapa kwetu hasira ya jirani ina mzizi mwingine: ni avenyu ngapi zimechangishana pesa nyumba kwa nyumba kununua kebo au kutengeneza transfoma? Kama na yeye alichanga, waya huo anauona kuwa jasho lake. Kaa naye, Mama, umsikilize. Wivu sio unaomsemesha. Anaogopa kwamba wenye uwezo wa mitaa ya Golf na Bel-Air watajitoa, kisha na wafanyabiashara wa komini zetu za Katuba na Kenya, na waya utabaki kwa wasio na namna, uoze mikononi mwao. Mimi pia ninaogopa hivyo.

Kwa hiyo ningependa mita zetu zitenganishe vile vitu viwili. Ada ndogo ya waya, inayopimwa kwa ukubwa wa swichi kuu ya nyumba: anayetaka nguvu kubwa alipe zaidi, mwenye taa tatu alipe kidogo. Halafu uniti zilipwe kwa saa. Umeme wa jua unaotolewa mchana upate bei iliyo chini ya rejareja, na anayetoa kutoka kwenye betri yake jioni apate bei nzuri, maana yeye ndiye anayeokoa transfoma. Nchi ya Kenya, si komini yetu, iliandika katika sheria yake ya nishati ya mwaka 2019 kwamba mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 anaweza kuingia katika mpango wa kubadilishana umeme na msambazaji. Hata sisi tunaweza kuandika yetu, ila tuiandike tukitazama jioni ya Lubumbashi.

Turudi kwenye paa lako, tupige hesabu. Paneli sita za wati 450 ni wati 2,700. Kwa jua letu, kila kilowati moja ya paneli hukupa uniti 4 hadi 5 siku njema, kwa hiyo una kama uniti 12. Friza mbili zitakula karibu 3. Cherehani, 1. Pasi ya kunyooshea nguo zilizoshonwa, 2. Hiyo ni 6. Betri zako zina karibu uniti 5 kwa maandishi, lakini betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu unaiua, basi pamoja na kinachopotea njiani hesabu 3. Zinabaki uniti 3. Kwa uniti 3 hutarudisha bei ya mita ya hesabu mbili wala nauli ya kwenda na kurudi ofisini.

Zigandishe. Friza ni betri ambayo tayari umeilipia. Chukua chupa za plastiki, zijaze maji bila kufika mdomoni, ziweke lita 20 katika kila friza pale pana nafasi. Lita 20 za maji zikigeuka barafu zinahifadhi ubaridi wa karibu uniti 1.9, na friza nzuri itazigandisha kwa umeme ulio pungufu ya huo. Mwambie fundi wa kweli akuwekee saa ya umeme kwenye friza: ziwashwe kwa nguvu kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri, halafu zizimwe jua linapozama, zisiguse waya wa shirika saa ya jioni. Bila kufunguliwa ovyo, barafu itazilinda hadi usiku wa manane na zaidi. Pasi nayo ifanye kazi saa sita, si baada ya chakula cha usiku. Siku ukiwa na uwezo, badilisha betri za asidi kwa lithiamu ya uniti 5. Hapo utaona hakuna tena kinachobaki.

Angalia pia mwelekeo. Sisi tuko kusini mwa ikweta, karibu digrii 12, kwa hiyo paneli zielekee kaskazini, zimeinama kidogo tu. Kuanzia Mei hadi Septemba mbingu ni safi na baridi huzisaidia paneli, lakini vumbi jekundu hulala juu yake; zioshe alfajiri kwa maji na kitambaa laini, kamwe si mchana kioo kikiwa moto.

Kisha kuna kipimo kimoja ninachokuomba ukifanye wiki hii. Mwite fundi mwenye mita ya kupimia volti, usimame pale. Inveta ikiwa inafanya kazi, azime swichi kuu inayotoka nguzoni, halafu apime nyaya upande wa swichi hiyo unaoelekea nyumbani, siku ambayo avenyu iko kwenye delestaji. Isome mwenyewe. Inapaswa kuonyesha sifuri. Ikionyesha namba nyingine yoyote, inveta izimwe saa hiyohiyo, na isiwashwe tena mpaka iwekwe swichi ya kugeuzia, ile isiyoweza kuishika sola na shirika kwa wakati mmoja.