Jicho lililopasuliwa retina: ulizeni kwanza limejazwa nini

Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya macho hapa Kigoma, ripoti ile ya altrasaundi imerudi tena: "jicho limerefuka, damu kwenye vitreasi (ute unaojaza jicho), retina (utando wa nyuma unaopokea mwanga) imebanduka upya, rufaa ya haraka." Mgonjwa katoka kupasuliwa Dar es Salaam, na jicho limejaa mafuta ya silikoni, yanayowekwa kuishikilia retina. Nawapenda, lakini hili limenichosha.

1. Soma cheti cha ruhusa alichopewa hospitalini kabla hujashika probu, kile kichwa cha mashine ya altrasaundi. Kwenye vitreasi ya kawaida sauti husafiri takriban mita 1,532 kwa sekunde. Kwenye mafuta ya silikoni hushuka hadi karibu mita 980. Mashine haijui hilo. Inapima muda wa mwangwi kurudi tu, kwa hiyo inachora nafasi ya vitreasi ikiwa ndefu karibu mara moja na nusu. Mafuta yakianza kuvunjika kuwa matone madogo, kila tone linarudisha mwangwi wake, nawe unaandika damu.

Kuna mzee mmoja, mvuvi, alisomewa ripoti ya namna hiyo mkewe akiwa pembeni. Wakauza injini ya mtumbwi wapate nauli, wakapanda treni kurudi Dar. Kule daktari akapanua mboni, akatazama kwa indirekti, kifaa cha kichwani chenye taa cha kuonea nyuma ya jicho: retina imelala vizuri pande zote. Wakarudi na habari njema na mtumbwi usio na injini. Mafuta yale ni maangavu, unaona hadi nyuma kabisa. Matone ya kupanua mboni yalikuwepo, indirekti ilikuwepo kabatini, na hakuna aliyenyanyuka kuichukua. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu kazi yenyewe isingezidi nusu saa, na yule mama alikuwa ameshauliza mara mbili kama kuna kipimo kingine.

2. Kama jicho limejazwa gesi badala ya mafuta, weka probu chini, mawimbi ya sauti hayapiti. Gesi ya SF6 hukaa kama wiki mbili, C3F8 hadi wiki nane hivi. Ndege ni marufuku hadi iishe, hilo mnalijua. Msilolikumbuka ni njia ya nchi kavu: Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na gesi hutanuka kadiri mtu anavyopanda. Akifika analalamika jicho linauma, pima presha ya jicho kabla ya kumwandikia Panadol.

3. Kwenye OCT (picha ya tabaka za retina), kiputo cheusi cha duara chenye kingo laini chini ya retina huenda ni pafluorokaboni, kimiminika kizito cha kulaza retina, iliyobaki tangu upasuaji. Kikiwa chini ya fovea (kitovu cha kuona), mpigie simu aliyepasua. Maji kidogo chini ya retina baada ya kufungwa mkanda wa sklera (mkanda unaozungushwa nje ya jicho) ni jambo jingine: yanaweza kukaa miezi mingi huku retina imeshikana, basi linganisha na picha iliyotangulia.

4. Wengine huja na picha za autofluoresensi (mng'ao wa asili wa nyuma ya jicho) kutoka Dar, zina mistari inayong'aa sambamba na mishipa ya damu. Pale ndipo mishipa ilipokuwa kabla ya retina kubanduka. Imerudi ikalala, ila imehama kidogo. Mgonjwa huyo atakwambia fremu ya mlango imepinda, na nimesikia akijibiwa "utazoea". Msimjibu hivyo. Mpe karatasi ya Amsler, ile yenye miraba, achore anachoona, uihifadhi kwenye faili lake, kisha umwonyeshe ile mistari kwenye picha yake mwenyewe.