HTML imekufa? Usikubali tovuti yako ifutwe kwa kauli hiyo

SWALI: Tovuti ya chama chetu ilijengwa mwaka 2006. Ina kurasa zaidi ya mia tatu zilizopangwa kwa majedwali, na menyu yake ni ya Flash, programu ya zamani ya michoro inayotembea. Sasa menyu haionekani kabisa, na kwenye simu maandishi ni madogo mno. Fundi tuliyemwita anasema HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, imekufa, hivyo tufute kila kitu tuanze upya kwa React, zana ya kujengea kurasa kwa msimbo wa programu. Tumsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, msifute chochote. Menyu itengenezwe upya na mpangilio wa kurasa urekebishwe, lakini maneno yaliyomo kwenye kurasa hizo yabaki yalivyo.

Maswali ya aina hii yananifikia kila mara, na karibu yote yametokana na mtu aliyeaminishwa kwamba kwenye wavuti kipya kikiingia, cha zamani huzikwa. Wavuti haikukua hivyo. Tim Berners-Lee aliianzisha akiwa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, na watu wa nje walianza kuitumia mwaka 1991. Nakala ya kurasa zile za mwanzo bado inafunguka leo kwenye kivinjari cha simu. Inawezekana kwa sababu kivinjari kikikutana na tagi (alama ya HTML) kisiyoijua, huiruka na kuonyesha maneno yaliyo ndani yake. Kwa utaratibu huo HTML imeongezewa picha, fomu, majedwali na hatimaye video, bila kuziua kurasa zilizotangulia. Hata hiyo React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, kazi yake ndani ya kivinjari huishia kwenye vipengele vya HTML. Anayekuambia HTML imekufa huku akikuuzia chombo cha kuzalisha HTML, ama hakijui anachouza, ama anatumaini hutamuuliza.

Itazameni tovuti yenu wenyewe. Menyu na kurasa zilijengwa wakati mmoja. Menyu imetoweka, kurasa zinasomeka. Flash haikuwa sehemu ya wavuti. Ilikuwa programu ya kampuni moja iliyopachikwa kwenye kivinjari, na uhai wake ulikuwa mikononi mwa kampuni hiyo. iPhone haikuwahi kuifungua. Adobe, kampuni yenyewe, waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 wakazuia maudhui yake yasichezwe. Silverlight, programu kama hiyo ya Microsoft, nayo iliishia njia hiyohiyo. Kilichokufa kwenye wavuti kwa kawaida ni vitu vya kupachika vya namna hiyo.

Majedwali ni habari nyingine, na aliyewajengea msimlaumu. Håkon Wium Lie alipendekeza CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa, mwaka 1994 na toleo la kwanza likaidhinishwa Desemba 1996, ila vivinjari vya wakati huo viliitekeleza vibaya, kila kimoja kwa namna yake. Mafundi wakayageukia majedwali, ambayo yalikusudiwa takwimu, wakayatumia kupanga safu za ukurasa, na kwenye nafasi tupu wakasukumiza vipicha visivyoonekana. Desturi hiyo iliendelea miaka mingi hata baada ya vivinjari kuboreka. Gharama yake mnaiona sasa: jedwali la upana uliofungwa halijikunji kwenye skrini ya simu, na asiyeona, anayesomewa ukurasa na programu, husomewa seli baada ya seli kwa mfuatano usio na maana. Tangu 2017 vivinjari vikuu vina gridi ya CSS, inayofanya kazi hiyo kama ilivyostahili kufanywa tangu mwanzo. Kwa hiyo toeni majedwali ya mpangilio, wekeni gridi, ongezeni kwenye kichwa cha msimbo wa kila ukurasa (head) ule mstari wa viewport unaoiambia simu itumie upana wake halisi, na menyu iwe orodha ya kawaida ya viungo. Kama kuna majedwali ya takwimu halisi, msiyaguse. Hapo ndipo mahali pake.

Sina ugomvi na React. Programu inayobadilika kila sekunde mbele ya mtumiaji inaweza kuihitaji. Ninachokasirikia ni kuitwisha tovuti ya kusomwa tu, mpaka simu dhaifu ipakue msimbo mzito kabla ya kuonyesha aya moja, na msimbo ukikwama msomaji abaki na ukurasa mweupe. Wapo waliohamishiwa AngularJS, zana ya Google ya kazi kama hiyo, kwa ahadi ya kukaa nayo muda mrefu. Ilitoka 2010, na Google wakaacha kuihudumia mwishoni mwa 2021. Tovuti za HTML na CSS zilizoachwa kando miaka hiyo zinafunguka hadi leo.

Tena hasara kubwa kwa kawaida haitokani na chombo kilichochaguliwa. Inatokana na anwani. Mtu anajenga upya, anwani zote zinabadilika, na kila kiungo kilichowahi kuwekwa na wengine kuelekea kwenu kinaishia kwenye kosa la 404, yaani ukurasa haupatikani. Kumbukumbu za miaka mingi hupotea kwa siku moja namna hiyo, na wanaofanya hivyo huiita kazi ya kisasa. Kabla hamjampa mtu yeyote nywila ya seva, chukueni nakala kamili ya tovuti. Kisha mwambieni aandike orodha ya anwani zote za sasa na, kando ya kila moja, mahali itakapoelekezwa kwa jibu la 301, linalokiambia kivinjari kwamba ukurasa umehamia anwani mpya. Asipoweza kuitoa orodha hiyo, tafuteni fundi mwingine.