Maswali ya Wasomaji: Onyesho la Alasiri na Tamthilia ya Saa Moja Unusu

Tuko marafiki sita, kila mmoja na mtaa wake. Tukipanga kwenda kutazama mchezo wa kuigiza, mmoja husema ana tamthilia ya runinga asiyoweza kuikosa, mwingine hukwama barabarani, na mpango huvunjika. Tufanyeje? (Msomaji, Umoja)

Pangeni mchezo kwanza, runinga baadaye. Vikundi vingi vya maigizo hapa mjini Nairobi hukodi ukumbi kwa siku chache tu, mara nyingi wikendi moja. Onyesho likishapita, huenda msilione tena. Tamthilia ya runinga hurekodiwa, hurudiwa au hupatikana mtandaoni.

Ijumaa jioni ndiyo siku mbaya zaidi, hasa mwisho wa mwezi, kwa sababu ya msongamano wa magari. Chagueni onyesho la alasiri la Jumamosi au Jumapili. Mtatoka kabla ya giza kuingia, matatu zikiwa bado nyingi, na mpenda tamthilia atawahi kufika kwake.

Ukumbi wa Kitaifa, Kenya National Theatre, uko Harry Thuku Road, mkabala na hoteli ya Norfolk. Ulifunguliwa 1952, na baada ya ukarabati ukafunguliwa upya 2015. Mkiwa hapo, katikati ya jiji ni mwendo wa miguu, na anayetoka Kangemi au Westlands anaweza kushukia Museum Hill. Alliance Française na Goethe-Institut ziko mjini, zimekaribiana. Kwa kumbi za mbali na steji ya matatu, kama ule wa Braeburn kwenye Gitanga Road, kubalianeni kuhusu gari la kurudi kabla hamjanunua tiketi.

Kuhusu pesa, mmoja wenu anunue tiketi zote na kila mtu amtumie mchango wake kwa M-Pesa kufikia Jumatano. Ahadi ya "nitakulipa mlangoni" ndiyo huvunja makundi mengi. Aulizie pia kama kuna bei ya kikundi. Akishapata tiketi, amtumie kila mtu yake, la sivyo yeye akichelewa, watano watasimama nje. Pigeni picha ya skrini ili tiketi ifunguke hata mtandao ukigoma.

Mara nyingi viti havina nambari, kwa hivyo fikeni dakika 30 mapema. Kwa vichekesho, safu ya tatu hadi ya sita katikati ni nzuri mno: mnaona uso wa mwigizaji bila kuinua shingo. Kwa mchezo wenye ngoma na watu wengi jukwaani, rudini nyuma kidogo muone mpangilio wote. Na tafadhali zimeni simu kabisa. Mtetemo husikika katika ukimya, na mwanga wa skrini humfikia mwigizaji aliye gizani.

King'amuzi changu kinaweza kurekodi kwenye flashi diski, lakini nikirudi nyumbani nakuta saa nzima ya kipindi kingine, au rekodi imekatika katikati. Kimeharibika? (Msomaji, Kahawa West)

Yaelekea ni kizima. Anza na saa yake. King'amuzi huchukua saa kutoka kwa mawimbi ya kituo, kisha hujumlisha tofauti uliyoiweka kwenye menyu. Kenya ni GMT+3. Kikiwa kimeachwa kwenye GMT 0, kitachelewa kwa saa tatu, na hapo ndipo unaporekodi kipindi kisicho chako. Kumbuka pia kwamba menyu husoma saa 24, kwa hivyo saa moja unusu jioni ni 19:30.

Pili, usiamini ratiba ya kituo kwa dakika. Tamthilia nyingi hufuata taarifa za saa moja, na kukiwa na tukio kubwa la kisiasa taarifa hurefuka. Weka rekodi ianze dakika 5 kabla na iishe dakika 20 baada ya muda uliotangazwa.

Tatu, flashi yenyewe. Picha ya kawaida hula takriban GB 1 kwa saa. Ya HD hufika GB 2 au zaidi. Flashi ya GB 32 yatosha, lakini nyingi huuzwa zikiwa katika mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4. Baadhi ya ving'amuzi hugawanya rekodi vikifika hapo, vingine husimama. Ndiyo maana rekodi fupi hutoka salama na ndefu hukatika. Usirekodi jioni nzima kwa mpigo, weka kila kipindi peke yake. Kama picha inarukaruka wakati wa kutazama, flashi ni ya polepole. Jaribu nyingine kabla ya kukipeleka king'amuzi kwa fundi.

Ukitoka nyumbani, zima king'amuzi kwa rimoti tu. Mtu akizima kwenye soketi, hakuna kitakachorekodiwa, kwa hivyo waambie walio nyumbani. Na usistaajabu wakishindwa kutazama kituo kingine rekodi ikiendelea. Ving'amuzi vingi hushika masafa moja kwa wakati mmoja, na ni vituo vilivyo kwenye masafa hayo hayo tu vinavyoweza kufunguka.

Fanya jaribio la dakika 10 siku moja kabla. Hilo peke yake litakuonyesha saa, flashi na nafasi iliyobaki.

Naweza kumpeleka mtoto wa miaka 12 kwenye vichekesho vya jukwaani? (Mzazi, South B)

Soma tangazo kwanza, kisha piga simu kwa nambari iliyo kwenye tangazo uulize moja kwa moja. Vichekesho vingi vya Nairobi huandikiwa watu wazima, na mizaha ya ndoa huwa mikali kuliko ile ya runinga. Kwenye runinga, kanuni za utangazaji huzuia maudhui ya watu wazima kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku. Jukwaani kinga hiyo haipo.

Rafiki yangu husema waigizaji wetu wa runinga "wanazidisha" kwa sababu wametoka jukwaani. Ni kweli? (Msomaji, Rongai)

Kuna ukweli ndani yake, ila si kosa la jukwaa. Jukwaani mara nyingi sauti lazima ifike safu ya mwisho bila kipaza sauti, na hisia zionekane kwa mwili mzima. Kamera ikisogea karibu, kupepesa jicho kunatosha. Mwigizaji asiyepunguza kiasi hicho ataonekana anapiga kelele. Lakini vipo vipindi vilivyonufaika na mtindo wa jukwaani. *Vioja Mahakamani* hutegemea chumba kimoja cha mahakama, na katika nafasi kama hiyo mwigizaji anayejua kungoja kicheko kabla ya kutoa jibu ni hazina.

Mkitaka kubishana vizuri, tazameni mikono. Jukwaani mikono husema. Kwenye runinga, mikono inayosema sana ndiyo dalili ya mwigizaji ambaye bado hajaizoea kamera.

Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mmoja anayetuambia mwisho wa kila tamthilia kabla hatujatazama. Tumkanye vipi bila kumkosea? (Msomaji, Buruburu)

Msimnyime gumzo, mpeni mahali pake. Fungueni kundi la pili la waliokwisha kutazama, na anayemaliza ajiunge na mazungumzo huko. Katika kundi kuu wekeni muda: asitaje mtu tukio lolote hadi saa 24 zipite tangu kipindi kirushwe, ili wenye rekodi nao wapate nafasi. Picha na vipande vya video ni vibaya kuliko maneno, maana hujitokeza kabla mtu hajaamua kusoma.

Kwa mchezo wa jukwaani muda uwe mrefu zaidi: hadi onyesho la mwisho la wikendi hiyo liishe. Waliotazama Ijumaa waseme tu kama tiketi ina thamani yake, ukumbi ulijaa saa ngapi, na onyesho lilimalizika saa ngapi. Mwenye tiketi ya Jumapili anahitaji hayo matatu tu.